Tangazo la posdoktora ya kansa: nani njo "asiyewakilishwa"?



Siku hizi matangazo ya bourse yanapita ku simu zetu sawa mvua ya mwezi wa kumi na moja. Moja lilifika kwetu wiki chache zilizopita: nafasi za mafunzo ya posdoktora katika utafiti wa kansa, kwa wanasayansi "wasiowakilishwa vya kutosha". Ndani ya saa moja watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekwisha kuandika "merci kwa kushare", "Amina", "Mungu afungue milango". Hata mimi niliweka kidole gumba. Usiku, wakati umeme ulirudi, nikalifungua na kulisoma lote, mstari kwa mstari, kamusi ya Kiingereza pembeni. Kisha nikatafuta mengine ya namna hiyo na kuyasoma vilevile. Hii ninayoandika ni kritiki ya matangazo hayo, sawa vile mtu anavyoweza kufanya kritiki ya kitabu: yanasema nini, yanasema na nani, na nani amesahauliwa ndani yake.

Ninajua swali litakalotoka. Ingé, wewe ni mutu wa mihogo na maharagi, uko na licence tu, unatafuta nini ku kansa? Mniruhusu nianze na mjomba wangu, kisha nitarudi ku tangazo.

Mjomba alikuwa akiishi Walikale, upande wa njia ya Hombo. Alifanya biashara ya karanga na mawese. Kule ni msitu, kuko joto na maji hewani muda wote. Karanga inaanikwa ku bâche kando ya njia, mvua inakuja, watu wanakimbia kukunja bâche, mvua inapita, wanaanika tena. Karanga nzuri zilikwenda Bukavu kuuzwa. Zile zilizokunjana na kubadilika rangi, zile zenye unga wa kijani, zilibaki nyumbani. Hakuna mtu anatupa chakula. Mke wake alizisaga na kuzitia ku sombe. Mimi pia nimeikula hiyo sombe likizo nyingi, na ilikuwa tamu.

Mwaka 2021, akiwa hajafika miaka 50, tumbo lilianza kuvimba na macho yakawa manjano. Walimpeleka kwa moto hadi barabara kubwa, kisha Bukavu. Ekografi ilisema ini iko na "vitu". Hakuna aliyetoa kipande cha ini kukitazama kwa mikroskopu, na kwa vile pesa ilikuwa imekwisha, familia haikuuliza. Alirudishwa nyumbani na kufa ndani ya wiki sita. Kijijini walisema ni karuho, kwamba amelishwa sumu, na mzee mmoja jirani, mtu aliyekuwa akicheza naye mankala tangu ujana, alihama kwa sababu ya maneno hayo. Hadi leo hajarudi.

Sisemi karanga njo ilimuua. Sina haki ya kusema hivyo, sababu hakuna mtu alipima. Lakini mimi ni agronome, na kitu kimoja ninakijua: ule unga wa kijani ni kuvu, na mara nyingi ni Aspergillus flavus, na kuvu hiyo inatoa sumu inayoitwa aflatoksini.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Walitafuta chanzo, wakakikuta katika chakula cha mifugo kilichotengenezwa na karanga kutoka Brazil. Sumu ikapewa jina. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, IARC, lenye makao Lyon, liliweka aflatoksini katika kundi la kwanza, maana yake kundi la vitu ambavyo ni hakika vinaleta kansa kwa binadamu. Kundi hilohilo njo lina tumbaku. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba katika uvimbe wa ini wa watu wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika, jeni moja, p53, ilikuwa imeharibika mahali palepale, herufi ileile, sawa vile mwizi anayeacha kiatu kilekile kila nyumba. Na kule Shanghai, walifuata wanaume zaidi ya 18,000: mwenye dalili za aflatoksini mwilini alikuwa na hatari ya kansa ya ini zaidi ya mara 3 kuliko asiye nayo, mwenye virusi vya hepatite B, mara 7, mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Msome tena hiyo namba ya mwisho. Siyo 3 kujumlisha 7.

Sasa hepatite B kwetu iko, hilo kila muganga wa Masisi atawaambia. Na kuvu iko. Masisi kule juu ni baridi na mvua. Mahindi inakauka kwa shida, watu wanaitundika juu ya moshi wa jikoni. Toka vita vianze tena, kuko jambo lingine ambalo sijalisoma katika kitabu chochote cha chuo lakini nimeliona kwa macho: watu wanavuna mahindi ikiwa bado na maji, haraka, kwa kuogopa kwamba kesho risasi zitalia. Wanaifunga ndani ya mifuko ya plastiki, wengine wanaificha chini ya udongo, wanakimbilia Sake, wanarudi baada ya mwezi au miezi, na wanaikula. Mahindi inapaswa kuhifadhiwa ikiwa na maji asilimia 13 hivi, karanga 7 au 8. Ile inayofunguliwa baada ya kukimbia, hata bila kipimo unaisikia kwa pua.

Kwa hiyo utafiti wa kansa unaanzia wapi? Matangazo niliyosoma yanajibu bila kujiuliza: maabara, jeni, kinga ya mwili, dawa mpya. Sikatai. Lakini Qidong iko na somo lingine. Kuanzia miaka ya 1980, siasa ya uchumi ilipobadilika kule, watu waliacha kula mahindi wakala mchele. Aflatoksini ikashuka mwilini mwao, na vifo vya kansa ya ini kwa watu wa umri wa chini vikapungua kwa zaidi ya nusu, hata kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo ya hepatite B. Sahani ilibadilika, kaburi zikapungua. Hiyo ni kazi ya watu wa fani yetu, ingawa hakuna agronome aliyepewa posdoktora ya kansa kwa ajili yake.

Basi turudi ku tangazo, na ku neno lenyewe.

Huko Marekani, ambako nyingi ya programu hizi zilizaliwa, "asiyewakilishwa vya kutosha" halikuwa neno la huruma. Lilikuwa neno la hesabu. Mwaka 2019 Taasisi za Afya za Taifa za kule, NIH, ziliandika upya orodha yao: Wamarekani Weusi, watu wa asili ya Kihispania, wenyeji wa asili wa Amerika na Alaska, wa Hawaii na visiwa vya Pasifiki, watu wenye ulemavu, na watu waliokulia katika hali ngumu. Hii ya mwisho ilinifanya nicheke peke yangu usiku ule. Hali ngumu ilipimwa kwa ishara, na ukiwa na mbili ulikubaliwa: uliwahi kukosa makao, ulilelewa chini ya uangalizi wa serikali, wazazi wako hawana digrii, ulikulia kijijini, ulikuwa na haki ya chakula cha bure shuleni. Mtoto wa Pinga au wa Nyabiondo anapata mbili kabla ya kumaliza darasa la kwanza. Ile ya chakula tu njo ingemsumbua, sababu ku shule yetu hakukuwa chakula, cha bure wala cha kulipa.

Lakini kulikuwa na mstari mwingine, mfupi, uliotangulia orodha: uwe raia wa Marekani au mwenye makazi ya kudumu. Karibu programu zote za namna hiyo zilikuwa na mstari huo. Hapo mtoto wa Pinga anafunga simu.

Sitaki kuwa mchoyo wa haki. Pesa ni ya walipa kodi wao, na jeraha walilotaka kuponya ni la historia yao. Mtu mweusi wa Chicago kuwa na nafasi katika maabara ya kansa ni jambo jema na sina neno. Tena hata hao, mwaka 2025 utawala wa Trump ulifuta au kusimamisha nyingi ya programu hizo, kwa hiyo hata mlango ambao haukuwa wetu umefungwa kwa waliokuwa ndani. Ninachopinga ni neno hilo kusafiri bila hesabu yake. Kuwakilishwa pungufu ni sehemu: juu unaweka wanasayansi, chini unaweka watu wa nchi. Mtu wa Walikale hayuko juu, na chini pia hayuko. Anayesambaza tangazo kwetu akisema "hii ni ya watu kama siye" hajasoma, au amesoma nusu.

Na kuhesabiwa siyo maneno matupu. Kampala wamekuwa na rejista ya kansa tangu miaka ya 1950. Sisi Congo hatuna ya kitaifa. Makadirio ya dunia yanapotaja kansa ya nchi yetu, yanategemea sana namba za majirani. Mjomba hayumo katika namba yoyote. Kama yumo, yumo kwa mfano wa mtu mwingine aliyekufa Kampala.

Kuko matangazo mengine ambayo yanatuhesabu kweli, na haya njo yanastahili kritiki ya dhati, sababu yanajaribu. IARC yenyewe inatoa nafasi za posdoktora kule Lyon kwa watafiti wa nchi maskini na za kati, na Kifaransa si kigeni kule ingawa sayansi yenyewe inaandikwa Kiingereza. AORTIC, jumuiya ya Kiafrika ya utafiti na mafunzo ya kansa iliyozaliwa 1983, imewahi kutoa ruzuku ndogo kwa watafiti wanaoanza. Kulikuwa na ile inayoitwa APTI, ya Akademia ya Sayansi ya Afrika pamoja na NIH na Gates: ulikwenda Marekani miaka 2, kisha ulisaidiwa miaka 2 mingine ukiwa umerudi kwenu. Kwa maoni yangu hiyo ya mwisho ni bora kuliko zote nilizosoma, si sababu ya jina kubwa, bali sababu waliifikiria siku ya kurudi. Nyingi nyingine zinamaliza hadithi ku airport.

Lakini zote zinaanza ngazi ya juu. Posdoktora, jina lenyewe linasema, inataka doktora. Na doktora yenyewe mara nyingi wanataka iwe haijapita miaka 5. Tuhesabu pamoja. Wengi wetu tulisoma mfumo wa zamani: graduat miaka 3, licence miaka 2, ukiongeza na miaka ya mgomo na ya kukimbia inakuwa 7 au 8. Kisha unakuwa asistanti, unafundisha kwa mshahara unaokuja ukipenda. Kisha masta au DEA, ambayo fani nyingi hazina hapa, utaitafuta Kinshasa, Kampala, Nairobi au Ubelgiji. Kisha doktora. Mwenzangu wa promosheni, aliyekuwa wa kwanza wetu wote, bado ni asistanti mwaka wa nne na anauza simu Birere ili alipe nyumba. Kumwambia kuko posdoktora ya kansa kwa ajili yake ni sawa kumwonyesha paa ya nyumba mutu asiye na ngazi. Na ile saa ya miaka 5 haisimami wakati wa vita. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Walikale-centre ilichukuliwa Machi na kuachiwa baada ya wiki chache. Airport ya Goma ilifungwa, benki zikafungwa, watu wa Goma wenye faili ya visa hawakujua wapite wapi kufika Kinshasa. Nani ataandika katika fomu "nilichelewa miezi kumi sababu sikuweza kuvuka"? Hakuna kisanduku cha hiyo.

Nilizungumza haya na rafiki yangu muganga, tulikuwa pamoja sekondari. Alinisikiliza kisha akasema, "Ingé, unataka posdoktora ifanye kazi ya serikali?"

Nikamjibu, "Hapana Docta. Ninataka tu isiseme inanitafuta mimi."

Akacheka, lakini akasema neno moja lililonibakia: kwamba tangazo haliwezi kumaliza vita, na anayengoja amani njo asome hatasoma. Ni kweli. Yeye mwenyewe alisomea dharura chini ya mabomu.

Hapa nataka kuwapeleka Uganda kidogo, sababu ni jirani na sababu historia ya kansa ya Afrika Mashariki inapita kule. Daktari Denis Burkitt, Mu-Irish aliyefanya kazi Mulago, aliona watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1958 aliuandika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka Afrika kwa gari la zamani, maili 10,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza: mumeona uvimbe huu? Vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vilisafirishwa kwa ndege hadi London kwa Anthony Epstein. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikapelekwa Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa na mawingu. Kumbe ni seli zilizokuwa zinakua peke yake. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza virusi. Kirusi cha kwanza kinachojulikana kuleta kansa kwa binadamu kilipatikana katika mwili wa mtoto wa Afrika, na jina lake ni Epstein-Barr. Hata Achong, aliyetoka Trinidad, hakuingia katika jina.

Miaka michache baadaye, kati ya 1972 na 1974, IARC ilichukua damu ya watoto 42,000 katika West Nile, wilaya ya Uganda inayopakana na Congo yetu. Ikahifadhiwa kwa baridi, ikangojwa watoto gani watagonjwa. Kabla ya hapo, 1966 na 1967, walikusanya sampuli 480 za chakula cha Waganda. Karibu 3 kati ya 10 zilikuwa na aflatoksini, na zilikuwa nyingi zaidi mahali ambako kansa ya ini ilikuwa nyingi. Damu ilihesabiwa, karanga zilihesabiwa. Mahindi ya kule, mtoto wa kule. Swali ni nani alikuwa mwanasayansi.

Congo tunaijua hadithi hiyo vizuri kuliko wengi. Mwaka 1976, Yambuku, Profesa Muyembe alichukua damu ya mtawa mgonjwa kwa mikono isiyo na glovu, ikapelekwa Antwerp, na kwa miaka mingi dunia ilisema Ebola imegunduliwa na wengine. Lakini muone pia upande wa pili: Muyembe alikuwepo sababu alikuwa amepata doktora Leuven miaka michache tu kabla, na akarudi. Miaka arobaini na zaidi baadaye, 2019, akiwa mkuu wa INRB, yeye njo alisema sampuli zitabaki Kinshasa. Mtu mmoja aliyefunzwa mapema na kurudi ametengeneza hiyo. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu anasoma kritiki yangu na kusema "basi bourse za Wazungu hazina maana". Ziko na maana sana. Njo maana ninakasirika.

Uganda haikubaki mahali pa kuchukuliwa damu. Taasisi yao ya Kansa ilianza 1967. Ikapita kwa Amin, ikapita kwa vita, ikabaki karibu bila watu. Mwaka 2004 Daktari Jackson Orem alipochukua uongozi, alikuwa mtaalamu pekee wa kansa katika nchi nzima. Wakati huohuo ushirika na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle ulianza: waganga na watafiti Waganda walikwenda kusoma, wakarudi, wengine wakaenda, na 2015 jengo jipya la utafiti na matibabu lilifunguliwa Kampala. Tofauti na tangazo letu iko wapi? Seattle haikutafuta "mwanasayansi asiyewakilishwa" popote duniani. Ilifunga mafunzo ku mahali. Ilikuwa na taasisi moja, magonjwa yaliyokuwa pale, Waganda waliopaswa kurudi pale, na kitu cha kurudia. Ilichukua zaidi ya miaka 10 na pesa nyingi, na Uganda ilikuwa na amani Kampala. Siwezi kuinua mfano huo na kuupanda Masisi wiki ijayo. Lakini ukiniuliza tangazo zuri lingekuwaje, nitakuonyesha ule kabla ya mwingine wowote.

Kurudi, hilo neno. Karibu matangazo yote mazuri yanataka uahidi kurudi kwenu na kuendelea na utafiti. Ni sharti la haki. Lakini waliandika kama vile "kwenu" ni chumba kilichofungwa na ufunguo uko mfukoni. Friza ya sampuli inataka digrii 80 chini ya sifuri usiku na mchana. Mashine ya kupima aflatoksini inataka umeme usiokatika, dawa zisizokwama ku mpaka, na fundi. Kivu Kaskazini hatuna hata mashine ya tiba ya mionzi. Mgonjwa mwenye pesa anakwenda Kigali au Kampala, asiye nayo anarudishwa nyumbani sawa mjomba. Mtafiti aliyerudi atafanya nini mwezi wa kwanza? Programu inayodai arudi bila kumpa hata friza ndogo na mshahara wa miezi sita inamsukuma kusema uongo katika barua yake ya maombi. Wengi wanasema. Ninawajua wawili, na siwalaumu.

Sasa tujitazame siye, sababu itakuwa rahisi kumaliza na Wazungu.

Mémoire yangu ya licence ilikuwa juu ya dozi za mbolea ku maharagi, katika Masisi. Plot kumi na mbili, mavuno kwa hektari, jedwali, hitimisho. Sikuuliza hata siku moja maharagi hayo yalihifadhiwa wapi baada ya kupima. Watu wa promosheni yangu, karibu wote tuliandika juu ya mavuno. Chuo kilikuwa na fakulte ya agronomia na ya uganga katika uwanja mmoja, tulikula beignet kwa mama mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumbuki somo moja lililotuweka pamoja. Wao walijifunza ini bila kujua linalishwa nini. Siye tulijifunza karanga bila kujua inaishia wapi. Wakati watafiti wa IITA walipochapisha mwaka 2018 uchunguzi wa aflatoksini katika mazao ya masoko ya Burundi na mashariki ya Congo, nilikuwa bado chuoni, na hakuna mwalimu aliyetutajia. Niliisikia baada ya kumaliza, kwa bahati. Masoko yetu yalikuwa yamesomwa, na sisi wanafunzi wa masoko hayo hatukujua.

Hapo njo ninaona kosa kubwa zaidi ya lile la tangazo. Posdoktora inatafuta mtu ambaye tayari anauliza swali. Swali hilo kwetu linazimwa ku licence, siyo ku posdoktora. Kama ningekuwa na sauti kwa wale wanaoandika matangazo haya, ningewaomba washuke ngazi mbili: masta, kwa Kifaransa, mwanafunzi mmoja na wasimamizi wawili, mmoja wa chakula na mmoja wa ugonjwa, sampuli kutoka ghala za Masisi na Walikale, na jina la mwanafunzi liwe la kwanza ku makala. Watu watano kwa mwaka. Bei ya posdoktora moja ya Marekani ingewalipia watano hao, na katika miaka 10 wangekuwa na wa kumwita posdoktora.

Nililiandikia lile tangazo. Kulikuwa na adresi ya maswali chini kabisa. Niliuliza kwa Kiingereza changu kama kuvu ya mahindi inahesabiwa kuwa utafiti wa kansa. Jibu lilikuja baada ya siku nne, la heshima, mistari miwili: ndiyo, mada inakubalika, mradi mwombaji awe na doktora na awe raia au mkaazi wa kudumu.

Kwa wale wanaoanza mémoire mwaka huu, iwe agronomia au uganga: niko na kipimo kimoja cha maji ya nafaka, cha mkono, kinafanya kazi. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie mahindi hadi theluthi moja na chumvi kavu kidogo, atikise vizuri. Chumvi ikishika ku ukuta wa chupa, maji yamepita asilimia 15 na hayo mahindi hayafai kufungwa. Ukitaka kupita nyumba ishirini Nyabiondo au Musenge na kuandika nani anakula karanga gani, niandikie hapa chini. Wa uganga nao waandike, sababu hepatite B mimi siwezi kuipima. Kipimo tutakizungusha.